Land Rover 88 ya turubai: thamani yake iko chini ya bodi

Land Rover Series IIA ya inchi 88, ile fupi yenye turubai juu na kioo cha mbele kinacholala kwenye boneti, ndiyo gari la kale la kufunguka juu ambalo mtu wa Nyanda za Juu Kusini ana nafasi ya kweli ya kulinunua bila kuliagiza kwa meli. Hujitokeza kwenye mashamba ya Mufindi na Rungwe, kwenye yadi za misheni, kwenye gereji za Mwanjelwa na Ipogolo. Ni gari zuri. Fundi yeyote mwenye spana za inchi anaweza kulifungua, na spea zake bado zinatengenezwa. Lakini ni gari jepesi kudanganyia watu, na sababu ni hiyo hiyo inayolifanya liwe zuri: karibu kila kitu juu ya chasisi kimefungwa kwa bolti. Boneti ya gari moja, madigadi ya jingine, milango ya la tatu, kisha rangi ya kijani, na tayari kuna "Land Rover original ya 1962" inayosubiri mteja.

Kwa hiyo bei ifuate vitu vitatu ambavyo havibadilishwi kwa mchana mmoja: chasisi, namba iliyogongwa juu yake, na ukuta wa mbele, yaani ule wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Turubai, rangi na viti ni mambo ya mwisho kabisa, hata kama ndiyo ya kwanza kuonwa.

Umri unaosemwa na umri uliopo

Series II ilitoka 1958, IIA ikafuata 1961, na Series III ikachukua nafasi mwaka 1971 hadi 1985. Muuzaji akitaja mwaka, linganisha na haya. Taa kubwa za IIA zilikaa ndani, kwenye wavu wa rejeta, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada ya hapo zikahamia kwenye madigadi. Mita za IIA ziko katikati ya dashibodi. Za Series III ziko mbele ya dereva, na grili yake ni ya plastiki. Bawaba za milango ya IIA zimetokeza. Za Series III ni bapa. IIA za mwanzo zilifungwa umeme wa ethi chanya, yaani waya wa chanya wa betri ndio unaoenda kwenye bodi, na zilichajiwa na dainamo. Mpangilio huo uliachwa karibu 1967. Ukikuta altaneta kwenye gari la 1963 si kosa, ni matengenezo ya busara, ila usilipie neno "halijaguswa".

Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayotosha peke yake. Grili hutolewa kwa bolti chache na madigadi ya taa za ndani hupatikana. Dashibodi ni ngumu zaidi kuhamisha kwa sababu inakwenda pamoja na ukuta wa mbele, kwa hiyo ipe uzito kuliko taa.

Pima pia urefu. Kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, 88 ina sentimita 223.5 na 109, yaani ile ndefu, ina 277. Ukipata namba isiyo mojawapo, kuna mtu amekata chasisi. Chasisi ya 109 iliyofupishwa ili iwe 88 ya turubai ni gari la kuacha, hata likipakwa rangi ya dhahabu, kwa sababu usalama wako wote unategemea mkono wa mtu aliyechomelea.

Namba

Namba ya chasisi imegongwa kwenye pembe ya mbele ya kulia ya chasisi, pale springi ya mbele inapokamatwa, upande wa nje. Mara nyingi iko chini ya rangi, grisi na udongo wa miaka. Osha kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, kausha, kisha pitisha chaki nyeupe juu yake, herufi zitajitokeza. Usikubali mtu apitishe grenda "ili isomeke vizuri". Namba imegongwa kwa kina kidogo tu, na grenda ikishapita hakuna tena cha kukagua.

Kwa IIA namba ina tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za kwanza zinaeleza gari lilivyozaliwa. 241 ni 88 ya petroli iliyojengwa kwa ajili ya soko la Uingereza. 242 ni 88 ya petroli ya usukani wa kulia iliyouzwa nje, na 243 ni ile iliyosafirishwa vipande vipande ikaunganishwa nje ya Uingereza. Kwa dizeli ni 271, 272 na 273 kwa mpangilio huo huo. 252 ni 109 ya petroli ya kuuzwa nje. Namba zinazoanza na 901 au 902 ni Series III. Herufi ya mwisho, kuanzia A, haitaji mwaka. Inaonyesha hatua ya mabadiliko ya kiwandani, na herufi za mbele zaidi ni za magari ya baadaye.

Sasa tumia hayo. Gari linalodaiwa kuletwa Tanganyika likiwa jipya, halafu namba inaanza na 241, lilijengwa kwa ajili ya Mwingereza. Huenda lilikuja baadaye kama mtumba, na historia ya "lilikuwa la bwana shamba tangu mwanzo" inahitaji ushahidi mwingine. Namba ya 252 kwenye gari fupi inamaanisha kadi ya gari jingine imehamia hapa, au chasisi imekatwa. Namba ya 902 chini ya dashibodi yenye mita katikati ni Series III iliyovalishwa nguo za kaka yake.

Tatizo kubwa la namba hii ni mahali ilipo. Pembe za mbele za chasisi huoza, na fundi akikata pembe ya kulia na kuchomelea mpya, namba inaondoka nayo. Ndipo wengine hugonga upya. Namba ya asili ina herufi za ukubwa mmoja, kina kinacholingana, na chuma kinachoizunguka kina umri sawa na chuma cha jirani. Namba ya kugongwa juzi hupanda na kushuka, chuma chake kimesafishwa kuliko pembeni, na mara nyingi kuna mstari wa weldi sentimita chache nyuma yake. Uchomeleaji wa haki upo, na mwenye gari mkweli atakuonyesha picha au hata kipande cha zamani alichokitunza. Asipokuwa na chochote, punguza thamani ya uasili hadi sifuri na ulipie chombo cha kazi tu.

Injini ya petroli na ya dizeli zote ni za cc 2,286. Namba ya injini imegongwa ubavu wa kushoto wa bloku, upande wa mbele, karibu na manifoldi. Usitarajie ifanane na ya chasisi, hazikupangwa zifanane. Kinachotakiwa ni ifanane na kadi. Kwa anayelipia uasili, jumba la makumbusho la magari la British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachotokana na kumbukumbu za kiwanda: tarehe ya kujengwa, namba ya injini ya kwanza, rangi, na mahali gari lilipopelekwa. Kwa magari yaliyounganishwa nje ya Uingereza kumbukumbu huwa fupi zaidi. Bei ikiwa juu kwa sababu ya neno "asili", cheti hicho kipatikane kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Lala chini ya gari

Vifaa: sumaku ndogo, nyundo nyepesi, bisibisi bapa, tochi, tepu ya kupimia. Mwenye gari akiwa mzee, ni adabu kuomba kwanza: "Shikamoo mzee, naomba nilale chini niligonge kidogo." Anayeuza kwa haki hakatai. Anayekataa nyundo amekwishajibu swali.

Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu na haishiki kutu ya kahawia. Chasisi ni chuma, boksi la bati la takriban milimita 2, na linaoza kutokea ndani. Udongo huingia kwenye matundu, mvua huulowesha, na unabaki na unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Ndiyo maana gari lililoishi Tukuyu au kwenye ukungu wa Mufindi huoza chini likiwa linang'aa juu, na lililoishi Isimani kwenye ukame huwa kinyume chake. Ukiambiwa gari limetoka wapi, unajua mahali pa kugonga kwa nguvu.

Gonga chasisi yote kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinatoa mlio mfu, na bisibisi ikisukumwa inazama. Maeneo ya kwanza kufa ni mhimili wa nyuma kabisa, mahali springi za nyuma zinapokamatwa, mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa mbele, na eneo linalozunguka tangi la mafuta chini ya kiti. Hofu kubwa ni bati juu ya bati. Kiraka kilichochomelewa juu ya chuma kilichooza kinafunga maji katikati, na miaka miwili baadaye kiraka na chuma vyote vinakwenda. Kiraka sahihi kimekatwa hadi chuma kizima na weldi yake inazunguka bila kuruka. Lami nyeusi au rangi nzito ya mpira iliyopakwa chini wiki ya kuuza ikwanguliwe mahali pawili patatu. Muuzaji akikataa, piga hesabu kana kwamba chini yake kumeoza.

Gari lililovuta magogo au trela nzito kwa miaka huweza kupinda. Pima kwa kukingamisha: kutoka bolti ya springi ya mbele kushoto hadi bolti ya springi ya nyuma kulia, kisha upande wa pili. Tofauti ikizidi sentimita moja, peleka kwa fundi wa chasisi kabla ya kuzungumza bei.

Ukuta wa mbele nao ni chuma, na ndio kitu ghali cha pili. Pitisha sumaku sehemu ya miguu ya dereva na abiria, chini ya nguzo za milango, na kwenye pembe za juu karibu na bawaba za kioo. Sumaku isiposhika hapo, umegusa puti au faiba. Ikishika kwenye madigadi, madigadi hayo yametengenezwa upya kwa bati la kawaida. Kisha fungua mlango, ushike kwa kitasa na uunyanyue. Bawaba ikicheza ni pini za kubadilisha. Nguzo nzima ikicheza, ukuta umeoza, na kuubadilisha maana yake ni kuvua usukani, pedali, nyaya zote na kioo.

Mahali chuma kinapokutana na aluminiamu utaona unga mweupe. Kidogo ni kawaida kwa gari la umri huu. Ukiwa mwingi kiasi kwamba ribiti zinatoka kwa vidole, paneli hiyo ni ya kubadilisha.

Je, lilizaliwa na turubai?

Hapa watu hulipa ziada bila sababu. Kwenye 88, turubai, kabini fupi na bodi gumu la juu vyote hukaa juu ya bodi moja ya nyuma na hubadilishwa kwa spana. Gari lililozaliwa na paa gumu likavalishwa turubai halijaharibika, limebadilisha kofia. Alama zake ni matundu ya bolti yaliyobaki kwenye ukingo wa juu wa bodi ya nyuma, mara nyingi yamezibwa kwa puti au bolti zisizo na kazi, na mlango wa nyuma wa kufungukia pembeni badala ya ule mfupi wa kushuka kwa minyororo. Gari la turubai lina soketi za mabomba kwenye pembe, na kulabu za kamba ubavuni ambazo rangi ya zamani imezizunguka. Rangi ikipita chini ya kulabu bila kukatika, kulabu ziliwekwa baadaye.

Ubaya upo kwenye 109 ya abiria, ile yenye milango ya katikati, iliyokatwa paa kwa grenda ili iuzwe kama "ya kufunguka". Bodi yake ya nyuma ni tofauti, na paa lilisaidia kushikilia nguzo. Milango haifungi vizuri baada ya barabara moja ya Makete. Hiyo si gari la turubai kwa bei yoyote.

Turubai la pamba huvimba likilowa na kujiziba lenyewe, lakini likikunjwa bichi linaoza kwenye mikunjo. La plastiki halinyonyi maji, ila hukakamaa asubuhi za Juni na Julai Njombe na hupasuka mahali pa kufungia. Fundi wa maturubai wa mjini anaweza kushona jipya akipewa la zamani kama kipimo. Mabomba ndiyo magumu kupata, kwa hiyo hesabu yapo mangapi na uangalie kama yamepinda. Legeza nati za kioo cha mbele na ukilaze. Kisipolala, bawaba zimeganda au kioo kimeunganishwa na kitu kisichostahili kuwa pale.

Rangi ya kwanza tafuta chini ya boksi la viti, nyuma ya dashibodi na chini ya betri. Kiwanda kilitumia kijani cha Bronze Green, bluu ya Marine Blue, kijivu, mchanga, na krimu ya Limestone, pamoja na nyingine chache. Bampa na kingo za bodi zilichovywa zinki. Zinapaswa kuwa kijivu kilichopauka. Zikipakwa rangi, si dhambi, lakini mara nyingi kuna kutu inayofichwa.

Kuendesha

Sisitiza injini iwe ya baridi. Dizeli ya umri huu ina plagi za kupashia moto zilizofungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikifa zote zinanyamaza, na muuzaji hupasha injini moto mapema ili usigundue. Mafuta ya injini ikishapata moto, kwenye mzunguko wa 2,000 kwa dakika, presha iwe kati ya 35 na 65 psi. IIA haina mita yake, fundi afunge ya kwake. Mwinuko wa Mbeya ni takriban mita 1,700, injini inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu yake, kwa hiyo uvivu kidogo mlimani si ugonjwa. Kuchemka ni ugonjwa. Maji huchemka mapema kwenye mwinuko huo, karibu nyuzi 94, na mfuniko wa rejeta usioshika presha unatosha kuleta balaa.

Gia ya kwanza na ya pili za IIA hazina sinkronaizesheni, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, hivyo mlio ukikosea kushusha ni wako. Kasoro ya kweli hujitokeza kwenye mteremko: weka gia ya tatu, achia mafuta ghafla, na kama gia inaruka yenyewe, giaboksi inafunguliwa. Bonyeza fimbo ya kitasa cha njano kuingiza magurudumu manne, kisha vuta yenye kitasa chekundu kuingia gia nzito ukiwa umesimama. Zote ziitike. Zuia matairi na uzungushe propela ya nyuma kwa mkono. Ikicheza sana kabla ya kushika, difu au shafti za ndani zimelika, na shafti za 88 za enzi hizo zinajulikana kwa kukatika. Futa mafuta kwenye mipira ya chuma ya matairi ya mbele na upitishe kidole: ikiwa na mashimo, sili mpya haitazuia kitu.

Breki za 88 ni ngoma za inchi 10, bila busta ya kusaidia mguu, na za mkondo mmoja, maana yake mpira mmoja ukipasuka pedali yote inakwenda chini. Kabla ya kushuka Kitonga na gari usilolijua, bonyeza pedali kwa nguvu kwa dakika moja likiwa limesimama. Ikizama polepole, usishuke.

Bei

Katika mia, alama zetu huenda hivi: chasisi 35, namba na makaratasi 20, ukuta wa mbele 15, giaboksi na difu 15, injini 10, turubai, rangi na viti 5. Wauzaji wengi hupanga kinyume, injini na rangi juu. Injini imepewa 10 tu kwa sababu fundi yeyote mzuri wa Mbeya au Iringa anaifanyia oveholi. Chasisi iliyooza haina oveholi. Injini ya Toyota au Isuzu iliyopachikwa inaweza kuwa bora kwa kazi, lakini inafuta malipo ya uasili, na sehemu ya bei hiyo irudi kwako. Angalia pia ilivyopachikwa: mhimili uliokatwa ili iingie ni hasara mpya kwenye zile alama 35.

Anza na bei ambayo Land Rover kama hiyo, zima na ya kazi, inauzwa eneo lako. Toa gharama ya kila kasoro kwa makadirio ya fundi wako, si ya muuzaji. Ongeza kwa ajili ya uasili pale tu namba, aina ya injini, rangi ya maficho na cheti vinapokubaliana vyote vinne.

Karatasi

Kadi ya gari ibebe namba ya chasisi na ya injini kama ulivyozisoma mwenyewe kwenye chuma. Injini ikiwa imebadilishwa, mwenye gari alirekebishe hilo TRA kabla ya mauzo. Gari lililovuka Tunduma kutoka Zambia, ambako Land Rover ziliunganishwa pia Ndola, liwe na nyaraka za forodha, la sivyo ushuru wa uchakavu utakuangukia wewe. Lililokuwa la serikali liwe na karatasi za mnada. La misheni au kanisa huwa chini ya wadhamini waliosajiliwa, na padri au mchungaji wa kituo hawezi kuliuza kwa sahihi yake peke yake. Na kwa kuwa magari haya yamezeeka pamoja na wenyewe, mara nyingi jina kwenye kadi ni la marehemu. Hapo anayeuza kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa mwenye funguo bado si mwenye gari. Omba kuona barua ya uteuzi, piga nakala, na malipo yaende kwa jina lililoandikwa humo.